Pongezi kwa Wanaokesha na Kompyuta Kuu

IBM ilitangaza familia ya kompyuta kuu za System/360 mwezi Aprili 1964, na programu nyingi za enzi hizo bado zinaweza kuendeshwa kwenye vizazi vyake vya leo. Sifa zote hupewa mashine. Mimi pongezi zangu nawapa wasimamizi wa mifumo.

Benki ikishafunga hesabu za siku, kazi za usiku hujipanga foleni: riba, mishahara, taarifa za wateja. Moja ikianguka, zinazoitegemea husimama. Mashine haielezi kwa kirefu, inatema msimbo tu. SB37: nafasi ya diski iliyotengewa faili imejaa. S913: huna ruhusa. Hayo humalizwa upesi.

S0C7 ndiyo yenye shughuli. Programu, aghalabu ya lugha ya COBOL, imekuta kisicho namba mahali pa namba. Fundi hufungua chapisho la kumbukumbu, kurasa kwa kurasa za heksadesimali, anasaka anwani ya agizo lililoanguka, anailinganisha na mstari wa programu, kisha anaona 40 40 40. Katika EBCDIC, usimbaji wa herufi wa mashine hizi, hizo ni nafasi tupu. Mara nyingi programu haina kosa. Aliyeleta faili ndiye aliyeacha pengo kwenye kiasi cha fedha. (Lawama, bila shaka, hufika kwa fundi kwanza.)

Heko hasa kwa asiyekurupuka kuianzisha kazi upya. Kurudia tangu mwanzo kunaweza kulipa mishahara mara mbili. Yeye hukagua kwanza kilichokwisha andikwa, hufuta faili za nusunusu, ndipo huanzia hatua iliyoanguka.