Kukaba Koo au Kujizuia? Juu ya Istilahi za Udhibiti wa Joto katika Kiini cha Linux

Katika darasa langu la tafsiri, mwanafunzi mmoja asomaye Kiswahili pamoja na sayansi ya tarakilishi alichagua kutafsiri maelezo ya Linux yahusuyo udhibiti wa joto la kichakataji. Kisarufi, kazi yake ilikuwa safi. Lakini ndani yake twasoma kwamba kichakataji kikipata joto "hukabwa koo", kwamba kuna "upozaji tendwa" na "upozaji tendaji", na kwamba halijoto ikizidi mno "kituo cha safari huwa mahututi". Darasa lilicheka. Nami nilicheka, kisha nikaona haya, kwa maana hapana neno hata moja kati ya hayo lisiloweza kutetewa kwa kamusi. Alifanya kama tulivyomfundisha. Makala haya yanakusudia kuichunguza njia hiyo ya kufundisha kwa kuyatazama maneno yake machache.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Kichakataji hutoa joto kinapofanya kazi, na kadiri kasi ya mapigo yake na volteji inavyopanda ndivyo joto linavyozidi. Kisipozuiwa huweza kuharibika. Tangu mwaka 2008 kiini cha Linux, yaani ile programu iliyo chini ya programu nyingine zote, kina sehemu maalumu ya kuliangalia jambo hili. Kila penye kipimajoto huhesabiwa kuwa eneo. Halijoto ya eneo huandikwa kwa elfu za digrii, hata 45000 ikawa ni digrii 45 za Selsiasi. Kila eneo huwekewa vizingiti, huunganishwa na vipozaji, na hupewa kidhibiti kinachoamua ni kipozaji kipi kifanye kazi na kwa kiasi gani. Mwenye mashine aweza kuyasoma haya yote katika saraka ya /sys/class/thermal, na baadhi yake aweza kuyabadili kwa kuandika tarakimu tu. Kwa hiyo maneno tunayoyajadili si pambo la vitabuni: fundi huyasoma, kisha huandika tarakimu, na mashine hutii.

Tuanze na "throttle". Neno hili la Kiingereza lina nasaba na koo. Likiwa nomino lilipata kuwa jina la vali ipitishayo mvuke au mafuta katika injini, na likiwa kitenzi likaendelea kubeba maana ya kukaba. Mhandisi Mwingereza alitamkapo leo haoni koo wala mkono. Sitiari ilikwisha kufa zamani. Mfasiri wetu akiandika "kukaba koo" huifufua maiti hiyo na kuileta mbele ya msomaji ambaye, akiwa mkazi wa Nairobi, atafikiria ngeta. Na kinachotendeka hasa ni nini? Mapigo na volteji hupunguzwa daraja kwa daraja, au kichakataji hulazimishwa kupumzika vipindi vifupi vifupi. Kazi yaendelea, ila polepole. Hapana aliyenyimwa pumzi.

Yupo atakayesema kwamba "kupunguza mwendo" ni maneno mapana mno kuwa istilahi. Sikubaliani naye. Wakenya wamekuwa na "kidhibiti mwendo" vinywani mwao tangu kanuni za matatu za mwaka 2004 zilipolazimisha magari ya abiria kufungwa chombo cha kuzuia kasi isipite kilomita 80 kwa saa. Hakuna utingo anayehitaji kufafanuliwa neno hilo. Latufaa pia kutafsiri "governor", neno ambalo likitoholewa na kuwa "gavana" humleta moja kwa moja kiongozi wa kaunti, tuliyenaye tangu 2013. Ni kweli kwamba neno lenyewe lilianzia kwenye usukani wa meli: Wagiriki waliliwapa Warumi, Maxwell akaandika juu ya vidhibiti vya namna hii mwaka 1868, na Wiener akachota mzizi uo huo mwaka 1948 alipoipa jina sayansi yake ya udhibiti. Mtu wa pwani angeshawishika kupendekeza "mshika usukani". Hilo nalo ni kosa lile lile la kufuata picha, ijapokuwa picha ni yetu.

Kuna jambo jingine hapa ambalo Kiingereza hakikulitenganisha vizuri. Ndani ya kiini mna "governor" wa aina zaidi ya moja: mmoja huchagua kasi ya kichakataji kwa kutazama wingi wa kazi, na mwingine huamua upozaji kwa kutazama halijoto. Jina ni moja, na asomaye kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa. Kwa Kiswahili twaweza kumwita wa kwanza kidhibiti mwendo na wa pili kidhibiti joto, na utata ukaondoka. Tafsiri si lazima iwe na upungufu wote wa matini chanzi.

Sasa tufike penye uzito wa hoja. Maneno "active" na "passive", kwa matumizi haya, yalienea kupitia waraka wa kanuni za ACPI uliotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. La kwanza lina maana kwamba feni huwashwa. La pili lina maana kwamba hapana feni. Utendaji wenyewe hupunguzwa ili joto lipungue. Sisi wanasarufi tukiliona "passive" mkono hukimbilia kauli ya kutendwa, na ndivyo ulivyozaliwa "upozaji tendwa". Lakini katika Kiswahili kiambishi -w- hudai mtenda, akitajwa asitajwe. Kichakataji kinapopozwa kwa njia hii, kimetendwa na nani? Kiini ndicho kilichoamuru, na kiini ni programu inayoendeshwa na kichakataji kicho hicho. Mtenda na mtendwa ni mmoja. Lugha yetu ina kiambishi cha hali hiyo, nacho ni -ji-. Kichakataji hujizuia. Na feni je? Hapo ndipo penye kutendwa kwa kweli: kichakataji hupepewa. Kwa hiyo, tukikitazama kichakataji chenyewe, kile ambacho Waingereza wamekiita tendaji kwetu ni -w-, na walichokiita tendwa kwetu ni -ji-. Mwanafunzi aliyefuata kamusi aliipindua maana juu chini bila ya kujua. Napendekeza tuseme kupoa kwa kupepewa na kupoa kwa kujizuia.

Madhara yake yaonekana katika neno "cooling device". Kiini hukiandikisha kichakataji chenyewe, chanzo cha joto, kuwa kipozaji sawasawa na feni. Kila kipozaji kina hali ya sasa na hali ya juu kabisa. 0 ni kutopoza hata kidogo. Basi fundi akisoma "hali ya sasa" bila ya kuelezwa ni hali ya nini, aweza kuipandisha tarakimu akidhani anaongeza nguvu, kumbe anaipunguzia mashine kasi. Iandikwe "kiwango cha kujizuia" na kosa hilo halitakuwa na pa kuingilia.

"Trip point" halina uhusiano na safari. Ni lugha ya kifaa kinachofyatuka. Kwa vizingiti vya kupepewa na kujizuia, napendelea "kizingiti", kwa kuwa huvukwa kwenda na kurudi. Kile kinachoitwa "critical" ni tofauti. Halijoto ikikifikia, kiini huanza kuizima mashine. Hapo "kufyatuka" kwafaa, kwa maana mtego ukifyatuka haurudi wenyewe. "Mahututi" tuwaachie madaktari.

Majina ya vidhibiti vyenyewe, kama step_wise, bang_bang na power_allocator, yasitafsiriwe, kwa kuwa huandikwa herufi kwa herufi ndani ya faili. Yaelezwe tu. Cha kwanza hutazama kama halijoto yapanda au yashuka, kisha husogea daraja moja moja. Cha pili huwasha feni au huizima, basi. Cha tatu, kilichoingizwa mwaka 2015, hugawa bajeti ya wati kati ya vichakataji, na hapo mfasiri hawezi tena kuchanganya joto na halijoto, kosa ambalo hata baadhi yetu tulio na shahada hulifanya.

Najua wapo wenzetu wanaoona kazi hii ni bure, kwamba fundi wa kiini anajua Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioleta Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulijishughulisha na maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye kioo, na haukuwa na sababu ya kushuka hadi kwenye kiini. Lakini hoja hiyo hutufanya tuwe na Kiswahili cha kubofya, si cha kuelewa. Mwanafunzi wangu alielewa upozaji kwa mara ya kwanza alipolazimika kuchagua kati ya -w- na -ji-. Alikiri hivyo mwenyewe, na kwa Kiingereza alikuwa ameyapita maneno hayo mara nyingi bila ya kusita.

Neno moja tuligombania hadi mwisho wa muhula, nalo ni "hysteresis". Feni ikiwekewa kizingiti cha digrii 60 na tofauti ya digrii 5, huwaka kwenye 60 lakini haizimwi mpaka halijoto ishuke hadi 55, isije ikawa inawaka na kuzimwa kila nukta. Kwa kuwa asili ya neno ni Kigiriki chenye maana ya kubaki nyuma, mimi nilitaka "ukawiaji". Mwanafunzi alikataa. Alisema kukawia ni kwa saa, na hapa hapana saa, pana digrii tu. Akaandika "pengo la kurudi". Nimelipigia mstari mwekundu, kisha nikaufuta.