Hedifoni Kubwa: Bei Iwe Swali la Mwisho

Mwaka 2017 mtafiti wa sauti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, za bei ya chini na za bei kubwa. Alitaka kujua kama kuna uhusiano kati ya bei ya dukani na namna hedifoni inavyogawa besi, sauti za kati na sauti za juu. Hakuupata. Matokeo hayo yanastahili kujulikana na kila anayeingia duka la vifaa vya muziki, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, kwa sababu wengi wetu bado tunaanza na swali la shilingi ngapi. Kwa hedifoni kubwa, zile zinazolifunika sikio lote, bei iwe swali la mwisho. Mengine yanatangulia: unasikilizia wapi, unasikiliza nini, na waya utauchomeka kwenye kifaa gani.

Kwanza tuelewe kwa nini kutengeneza hedifoni nzuri ni kazi ngumu. Sikio la binadamu lina umbo linalokuza baadhi ya sauti. Mfereji wake pamoja na sikio la nje hupandisha sauti zilizo karibu na hezi 3,000 kwa zaidi ya desibeli 10, na ubongo umeyazoea hayo tangu utotoni. Spika ikiwa mbele yako chumbani, sikio lenyewe linafanya kazi hiyo. Hedifoni ikikaa juu ya sikio, hali inabadilika, na mtengenezaji analazimika kukirudisha kile kilichopotea. Hedifoni ambayo ingetoa sauti zote kwa nguvu sawa ingemfanya mwimbaji asikike kama amefunikwa blanketi. Kwa hiyo kila mtengenezaji ana mchoro wake wa lengo, unaoonyesha kila sauti iwe na nguvu kiasi gani, na ubora wa hedifoni unategemea sana mchoro aliouchagua na alivyofanikiwa kuufikia.

Kwa miaka mingi mchoro huo ulikuwa suala la kila kampuni na sikio la mhandisi wake. Kazi iliyobadilisha mambo ilifanywa katika kampuni ya Harman, Marekani, na Sean Olive, Todd Welti na wenzao, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Njia yao inavutia kuliko hata majibu waliyoyapata. Waliweka spika nzuri katika chumba kilichopimwa kwa uangalifu, wakapima sauti inayofika kwenye masikio ya kichwa bandia, wakaufanya mchoro huo kuwa mahali pa kuanzia. Kisha wakawaachia wasikilizaji wenyewe wapandishe au washushe besi na sauti za juu mpaka waridhike. Walipotaka kulinganisha modeli tofauti, hawakumpa msikilizaji hedifoni moja baada ya nyingine, kwa sababu angehisi uzito, angegusa mito, angeona jina. Walitumia hedifoni moja tu, wakaibadilisha kwa ikwalaiza ili iige sauti ya kila modeli. Aliyeketi pale alikuwa na sauti peke yake ya kuihukumu.

Mwaka 2019 walitoa matokeo yanayomhusu mnunuzi moja kwa moja. Kati ya watu waliopimwa, takriban asilimia 64 waliupenda mchoro wa Harman ulivyo, wenye besi iliyoinuliwa kiasi. Asilimia 15 walitaka besi zaidi ya hapo, kwa desibeli 3 hadi 6. Asilimia 21 waliobaki walitaka besi ipungue na sauti za juu ziongezeke kidogo. Kundi la besi nyingi lilikuwa na vijana wa kiume wengi, na katika kundi la besi kidogo walikuwamo zaidi wanawake na watu waliovuka miaka 50.

Ladha, basi, si fumbo. Unaweza kulijua kundi lako leo bila kutoa hata senti. Chukua hedifoni yoyote uliyonayo, fungua ikwalaiza ya simu, weka wimbo unaoujua vizuri, kisha pandisha na kushusha sauti zilizo chini ya hezi 100. Rudia siku nyingine kwa wimbo mwingine. Mkono wako ukiishia palepale kila mara, hiyo ndiyo ladha yako, na ndiyo taarifa yenye thamani kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Sasa mahali. Kiwambo cha hedifoni kinapotetemeka kinasukuma hewa pande mbili, kuelekea sikioni na kuelekea nyuma. Hedifoni iliyo wazi mgongoni inaiacha ile sauti ya nyuma itoke nje. Sennheiser walifungua njia hiyo mwaka 1968 kwa modeli ya HD 414, yenye mito ya sponji ya manjano. Muziki unasikika umetawanyika, hauko ndani ya fuvu, na sikio linapata hewa. Iliyofungwa inaizuia sauti hiyo ndani ya kikombe, ambako isipofyonzwa vizuri hurudi na kuchafua sauti za kati. Kiuhandisi, kutengeneza hedifoni nzuri ya wazi ni rahisi kuliko nzuri ya kufungwa, na ndiyo maana kwa pesa ileile ya wazi mara nyingi hushinda kwa sauti. Lakini inavuja. Jirani yako atausikia wimbo wako, nawe utamsikia yeye, jenereta lake na pikipiki inayopita dirishani.

Wengi hukosea katika hatua hii, wakisoma sifa za hedifoni za wazi na kuzinunua kwa ajili ya daladala au ofisi yenye watu kumi. Kelele zikiingia, unapandisha sauti, na masikio ndiyo yanayolipa. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango salama cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, saa hizo zinabaki 4. Katika sehemu yenye makelele, hedifoni iliyofungwa ni kinga kabla ya kuwa starehe. Kwa msafiri wa kila siku, zile zisizo na waya zenye uwezo wa kuzima kelele zina hoja nzuri, maana teknolojia hiyo inafanya kazi vizuri zaidi kwa mngurumo wa chini kama wa injini. Ukumbuke tu kwamba betri yake itachoka kabla ya spika.

Kwa sisi wa ukanda wa joto kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa Ulaya hawalipi uzito. Mito ya ngozi bandia hubanduka haraka kwenye joto na unyevu, na Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zina vyote viwili mwaka mzima. Mito ya kitambaa cha mahameli hupitisha hewa na hudumu. Anayevaa miwani naye aangalie kama mito ni laini kiasi cha kuzunguka fremu, kwa sababu mwanya mdogo tu kwenye hedifoni iliyofungwa huiondoa besi, na mtu akadhani kanunua kifaa kibovu.

Nitazitumia hedifoni tatu ninazoziheshimu kuonyesha jinsi ladha na muundo vinavyokutana. Ya kwanza ni Sony MDR-7506 ya mwaka 1991, inayouzwa kwa takriban dola 100 na bado inavaliwa na watu wa redio na filamu duniani kote. Imefungwa, inakunjika, ni nyepesi, na sauti zake za juu zimeinuliwa makusudi ili fundi asikie dosari za kurekodi. Kwa kuhariri mahojiano ni chombo cha kuaminika. Kwa singeli, muziki unaokimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na wenye vinanda vikali juu, nusu saa inatosha kukuchosha.

Ya pili ni DT 770 Pro ya Beyerdynamic, inayotengenezwa Heilbronn, Ujerumani. Nayo imefungwa, matoleo yake mengi yana mito ya mahameli, na besi yake ni nzito na inashuka chini kabisa. Ngoma za amapiano na Bongo Fleva ya siku hizi zinapata mwili unaostahili. Ina mlima mkali kwenye sauti za juu, karibu na hezi 8,000 au 9,000, ambao huzifanya herufi za "s" na "sh" za mwimbaji zichome. Anayesikiliza mashairi kwa makini ataushusha kwa ikwalaiza desibeli 4 au 5 na kuridhika.

Ya tatu, Sennheiser HD 600, ilitoka mwaka 1997 na haijapitwa katika jambo moja: sauti za kati. Ni ya wazi, na besi yake hupungua polepole chini ya hezi 100. Mpenzi wa amapiano atahisi ameibiwa. Lakini mpe msikilizaji wa taarab ya Unguja, yenye fidla, ganuni, udi na akodiani, ataelewa kwa nini watu wanaishi nayo miaka 20. Waya wa chini kabisa wa fidla uko kwenye hezi 196. Karibu sauti yote ya binadamu na utamu wote wa ganuni viko juu ya pale HD 600 inapoanza kupungua, na hapo haitii chumvi wala haipunguzi.

Rekodi za muziki wa dansi zilizofanywa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 zinafundisha zaidi. Nyingi zilirekodiwa kwa mono. Ule upana wa sauti unaosifiwa kwenye hedifoni za bei kubwa, chombo hiki kushoto na kile kulia, haumo kwenye utepe, na hakuna hedifoni itakayouleta. Kilichomo ni magitaa yanayojibizana, tarumbeta na mwimbaji, vyote vikigombea nafasi ileile ya kati. Mpenzi wa Mbaraka Mwinshehe au bendi ya Mlimani Park anayelipia upana wa jukwaa anapoteza pesa. Alipie usafi wa sauti za kati, na atalisikia gitaa la pili ambalo kwenye spika ya simu lilikuwa limemezwa na la kwanza.

Kuhusu umeme, kuna hofu nyingi isiyo na msingi. HD 600 ina ukinzani wa omu 300, na watu huambiwa haifai bila amplifaya. Tupige hesabu. Inatoa desibeli 97 kwa miliwati 1. Adapta nzuri ya simu hutoa volti 1, ambayo kwa omu 300 ni miliwati 3.3, yaani takriban desibeli 102. Nyimbo nyingi za sasa zina wastani ulio desibeli 10 hadi 15 chini ya kilele chake, kwa hiyo utakuwa unasikiliza kwa zaidi ya 85, na hapo tayari umevuka kiwango salama cha saa 40. Volti ikiwa nusu, kama ilivyo kwa baadhi ya simu na adapta, unapoteza desibeli 6, na rekodi ya orkestra iliyo tulivu itasikika chini. Hapo ndipo amplifaya inapokuwa na kazi. MDR-7506, kwa volti ileile 1, inafika 118, sauti ya kuharibu masikio. DT 770 Pro inauzwa kwa omu 32, 80 na 250. Mwenye simu pekee achukue ya 32 au 80, aiache ya 250 kwa wenye mitambo ya studio.

Sasa tufike kwenye bei. Chini ya dola 50, chukua yenye waya, kwa kuwa ukinunua isiyo na waya kwa pesa hiyo sehemu kubwa imekwenda kwenye betri na redio. Kati ya 100 na 200 ndipo pesa inapofanya kazi kubwa kuliko mahali popote, na zile mbili za kwanza ziko humo. Kati ya 300 na 400, bei ya HD 600, unalipia usafi, starehe na vipuri. Zaidi ya hapo tofauti zipo ila ni ndogo, na kwa kipato cha wengi wetu pesa hiyo ni bora iende kwenye muziki wenyewe. Ongeza usafirishaji na ushuru kabla ya kufurahia bei ya mtandaoni, na ukiona modeli inayojulikana ikiuzwa kwa robo ya bei yake, chukulia kuwa ni bandia.

Ukijaribu dukani, sawazisha sauti kwanza. Hedifoni inayolia juu zaidi hata kwa desibeli 1 au 2 huonekana bora, na muuzaji anajua. Vaa kwa dakika 20, si 2, na miwani yako ikiwepo. Kisha uliza kama mito na waya vinatoka. Kwenye HD 600 kila kitu kinafunguka na kinauzwa peke yake. Kwenye MDR-7506 mito inabadilishwa kirahisi lakini waya umeungwa ndani, kwa hiyo mtafute mapema fundi anayejua kushika chuma cha kuunganishia risasi.