Beni na Wanaoihukumu kwa Picha

Wako wahakiki ambao wakiitaja ngoma ya beni huishia kwenye kofia na vyeo vyake. Kwao, Mswahili aliyejiita Jenerali uwanjani alikuwa kasuku wa Mzungu. Hiyo ni hukumu ya aliyeiona picha asiusikie wimbo.

Beni ilianza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu. Vita hivyo, kwa watu wa kusini, si hadithi ya mbali. Narung'ombe, katika Ruangwa ya leo, tarehe 19 Julai 1917, Waafrika waliuana na Waafrika kwa amri za Waingereza na Wajerumani. Aliyetoka katika moto kama ule, akavikwa na wenzake cheo ambacho jeshi lisingempa kamwe, huyo ni kasuku kweli?

Baada ya vita maofisa wa kikoloni waliishuku beni kuwa ni njama. Walikosea, lakini angalau waliona kuwa ina akili.

Tena Marini na Arinoti vilikuwa vyama vya kuzikana na kusaidiana, na nguvu yao ilipimwa pia kwa ulimi: mafumbo, vijembe, majibu ya papo kwa papo. Mpenzi wa malumbano ya washairi hahitaji kufunzwa thamani ya hayo. Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, ingawa yeye alikuwa mwanahistoria, na tungo zenyewe bado zamngoja mhakiki wa ushairi.