Pongezi kwa Wagenia na Wenzao wa Kalamu
Mnamo mwaka 1898, George Albert Boulenger, bingwa wa elimu ya wanyama na mzaliwa wa Brussels, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya London, alimwingiza katika daftari za kitaalamu yule samaki mwenye meno kama misumari, ambaye wenyeji wa mto Kongo humwita mbenga, akampa jina la Goliath, jabari aliyeuawa na Daudi. Na mwaka 1901 akatoa kitabu kizima juu ya samaki wa bonde la mto huo. Heshima yake hatuipunguzi. Lakini insafu yataka tukiri kwamba samaki hajipeleki London: sharti kwanza avuliwe, na hapa Kisangani, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Makiso, Wagenia, jamii ya wavuvi, walikwisha kuijua tabia ya maji ya mto huo kabla msafiri Stanley hajapita mwaka 1877, wakisimamisha magogo juu ya miamba ya maporomoko ya Boyoma, wakiyafunga kwa kamba za msituni, na kuning'iniza madema yenye midomo mipana, hata mkondo wenyewe ukawa ndio mtumishi wao. Ufundi huo hauna kalamu, ila hesabu zake ni nyingi.

Baada yao nawapongeza wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kisangani, ambao mwaka 2010 walipanda mashua pamoja na wenzao wa Ubelgiji kuuchunguza mto, katika safari iliyoitwa kwa Kilingala Boyekoli Ebale, yaani kujifunza mto. Mara hii, miongoni mwa waliowaandika samaki, walikuwamo na wanaowala.