Mwenye Kasri na Mwenye Kiduka

Kikundi chetu cha kusoma hapa Kiwalani hakina ofisi wala kabati. Tunakutana jioni kwenye baraza la duka la mzee mmoja wa Kipemba, kwa sababu taa yake inawaka mpaka saa nne na hatutozi kitu. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunasikiliza. Ndege ikishuka kuelekea uwanjani msomaji ananyamaza, ikipita anaendelea alipoachia. Hivyo ndivyo tulivyokisoma Kasri ya Mwinyi Fuad cha Adam Shafi, kitabu cha mwaka 1978, na ndivyo tulivyojikuta tumeigawa baraza.

Msomaji anayekifahamu kitabu hiki anajua jinsi kinavyovuta. Fuad ni mwenye mashamba, mkatili, mvivu, mtu wa kuhudumiwa mpaka maji ya kunawa. Kijakazi anamtumikia maisha yake yote na malipo yake ni matusi. Kwetu kulikuwa na mzee mwingine, kuli mstaafu wa bandari, ambaye wazazi wake walitoka bara wakaenda Unguja kufanya kazi za mashambani, naye akakulia huko. Kila Fuad alipotajwa, mzee yule alikuwa akipiga goti lake kwa kiganja: "Huyo namjua! Huyo nimemwona kwa macho yangu haya!" Tulipofika kwenye mapinduzi vijana walishangilia kama Simba kafunga bao. (Wa Yanga nao walishangilia, jambo la nadra.)

Mwenye duka alikuwa anapima unga. Hakuinua uso. Akasema, "Na babaangu mimi, alikuwa na kasri?"

Hatukumwelewa. Ndipo akatueleza kwamba babake alikuwa Mmanga, kaja na jahazi, na alikuwa na kiduka cha makuti huko mashamba ya Unguja, akiuza mafuta ya taa, chumvi na papa mkavu. Aliuawa kwa panga Juni 1961. Mtoto akachukuliwa na mamake, wakarudi kwao Pemba. Kwa hiyo huyu tunayemwita Mpemba ni Mpemba wa upande wa mama, na sisi tumekopa sukari kwake miaka yote hiyo bila kujua.

"Pole, Sheikh," kuli akasema. Halafu akaongeza, na hapa ndipo palipoharibika: "Lakini na mamangu aliyeng'olewa mihogo yake akaambiwa aondoke shambani na watoto, kwa kuwa mume wake kapigia kura Afro, yeye nani kamwandikia?"

"Kaandikiwa! Si ndiyo hiyo mnayoisoma?"

Wakatupiana maneno ambayo sitayarudia. Hizbu, mlowezi, na mengine. Wazee wawili waliokuwa wakiitana Sheikh na Mzee Mwenzangu kila alfajiri. Wiki mbili hatukusoma.

Nimekuwa nikiyafikiria maneno ya mwenye duka, na naona yalikuwa uhakiki mzuri kuliko mwingi niliowahi kuusoma juu ya riwaya ile. Wahakiki wetu wameisifu kwa kusawiri mgongano wa matabaka, na wana haki. Skwota wa Unguja aliruhusiwa kupanda mihogo na viazi chini ya mikarafuu ya mwenye shamba, naye kwa malipo hayo akaipalilia mikarafuu. Miti haikuwa yake. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 wenye mashamba wengine walianza kuwafukuza maskwota waliokuwa upande wa Afro-Shirazi, na wafuasi wa Afro-Shirazi nao wakagomea maduka ya Waarabu. Sisi wa Kiwalani hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kuambiwa uhame. Wenzetu wa Kipawa na Kigilagila walihamishwa kupisha uwanja wa ndege. Kwa hiyo hasira iliyomo katika Kasri ni hasira ya haki, na sitaki mtu anisome vibaya.

Lakini tazama kalamu ilichofanya. Imechukua kundi zima la watu ikalipa sura moja, sura ya Fuad. Mapinduzi yanapokuja, macho ya msomaji yamefungwa kwa Fuad: atafanywaje, shamba lake litakwendaje. Msomaji anashangilia, kwa kuwa ameandaliwa kwa kurasa nyingi kushangilia. Sasa rudi kwenye historia. Katika ghasia za Juni 1961 walikufa watu 68, na wengi kabisa wa hao walikuwa Waarabu wa mashamba, hasa Wamanga, watu wa viduka na vibarua, masikini waliokaa peke yao katikati ya mikarafuu ambako askari alikuwa mbali. Mwenye kasri alikuwa na ukuta, lango na simu. Panga lilimfikia kwanza mwenye kiduka. Na Januari 1964 hesabu ya waliokufa mpaka leo haijakubaliwa: wapo wanaosema mamia, wapo wanaosema zaidi ya elfu kumi. Katika riwaya anaanguka mwinyi, na nyuma ya mgongo wa mwinyi wamelala watu ambao mwandishi hakutuambia tuwatazame.

Mtu ataniambia: riwaya siyo daftari la vizazi na vifo, na mwaka 1978 nani angethubutu? Nakubali nusu. Kuli, ya mwandishi huyohuyo (1979), na Dunia Mti Mkavu ya Said Ahmed Mohamed (1980), zote zinarudi kwenye mgomo wa 1948, pale wafanyakazi walipokuwa upande mmoja na tajiri na serikali ya kikoloni upande mwingine. Nadhani walirudi huko kwa sababu 1948 inaelezeka kitabaka bila kigugumizi. 1961 haielezeki hivyo. Masikini kamuua masikini. Uhakiki wetu wa "mnyonyaji na mnyonywaji", ambao mimi mwenyewe nimejibia mitihani, unakauka hapo.

Kisha yupo Adam Shafi wa pili. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, wakakamatwa watu wengi, na mwandishi mwenyewe akawekwa kizuizini. Miaka thelathini na moja baadaye, 2003, akatoa Haini. Hamza yumo gerezani, anateswa, anangoja kesi ya uhaini. Hapa hakuna kushangilia. Lugha imefupika, kuta zinanuka. Kwangu mimi ni kitabu kikubwa kuliko Kasri, maana mwandishi amekubali kuonyesha kwamba mapinduzi yaleyale yaliyompa mtu eka tatu yalikuwa na chumba cha mateso. Hata hivyo anayeumia mle ni mwana wa mapinduzi aliyegeukiwa na nyumba yake. Mwenye kiduka hayumo bado.

Upande wa pili nao wana vitabu vyao, na wana dosari zao. Harith Ghassany alikusanya simulizi za watu waliokuwemo akachapisha Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! mwaka 2010. Ni kazi kubwa ya kusikiliza, na mtu wa bara akiisoma hatalala vizuri, kwani inatuuliza sisi tulifanya nini: ni mikono ya nani iliyovushwa kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga. Lakini kadiri uzito unavyohamia kwa waliovuka bahari, mama wa yule kuli anafifia. Anakuwa mtu wa kuletwa. Mihogo iliyong'olewa inakuwa habari ndogo. Katika kitabu hicho ukiuliza kwa nini ASP ilipata asilimia 54 ya kura Julai 1963, ikaambulia viti 13 kati ya 31 na kuachwa nje ya serikali, unajibiwa. Ila unajibiwa kwa haraka kuliko ninavyopenda. Mmoja anaianzia hadithi tarehe 10 Desemba 1963, siku ya uhuru. Mwingine anaianzia tarehe 12 Januari 1964. Umbali kati yao ni siku thelathini na tatu, na ndani yake wamezama watu wazima wa vizazi vitatu.

Ugomvi wa namna hii siyo wetu peke yetu. Vijana wa kijiweni wanaijua Celtic ya Glasgow tangu Mkenya Victor Wanyama alipoichezea kati ya 2011 na 2013, na wanajua hasimu wake ni Rangers. Wachache wanajua kuwa nyuma ya jezi zile upo ugomvi wa Ireland. Ireland ya Kaskazini kuna wazalendo wanaotaka kisiwa kiwe nchi moja, na kuna wanamuungano wanaotaka kubaki na Uingereza. Neno muungano lisitupite hivihivi. Tangu miaka ya mwisho ya sitini hadi mapatano ya Aprili 1998 walikufa zaidi ya watu 3,600. Kila upande una kalenda yake. Hawa huandamana kila tarehe 12 Julai kwa ushindi wa vita ya mwaka 1690. Wale hukumbuka tarehe 30 Januari 1972, askari wa Uingereza walipowapiga risasi waandamanaji mjini Derry wakafa 13 siku ileile na mwingine baadaye. Serikali ya Uingereza ilikiri hadharani kwamba mauaji yale hayakuwa na sababu mwaka 2010. Miaka thelathini na minane! Sisi yetu ya Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa CUF, wakafa watu wasiopungua 35, wengi wao Pemba, na zaidi ya elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya, bado tunaitaja kwa sauti ya chini kwenye daladala.

Ninachotaka kukitaja ni kitabu kilichotoka huko mwaka 1999, kinaitwa Lost Lives, kilichoandikwa na David McKittrick na wenzake. Hakina hadithi. Kimewapanga waliokufa kwa tarehe, mmoja baada ya mwingine: askari, mpiga bomu, mama aliyekwenda kununua mkate, mtoto. Jina, umri, kazi, kafia wapi, nani kamuua. Wa upande huu anafuatwa na wa upande ule kwa kuwa alikufa Jumanne na mwenzake Jumatano. Hakimwombi mtu asamehe wala hakisemi makosa yote ni sawa. Ila humo huwezi kuwasoma wako bila kukutana na wa mwenzako.

Katika riwaya aliyekaribia jambo hilo kwa habari zetu ni Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar kijana wa miaka kumi na minane na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Riwaya yake By the Sea ya 2001 ina mwenye duka! Saleh Omar, muuza fanicha, amefungwa miaka mingi baada ya uhuru, kisha uzeeni anakimbilia Uingereza kwa jina la hasimu wake aliyekwisha kufa. Mtoto wa hasimu huyo anamfuata. Wanakaa chumbani, mzee na kijana, wanaulizana juu ya nyumba iliyobadili mikono, kila mmoja anasimulia anavyoijua yeye, na mwenzake anasikiliza mpaka mwisho. Niliposoma nilitamani wazee wetu wangekuwa na chumba kama kile. Lakini wote wawili ni watu wa mjini, wa nyumba za mawe, na wanazungumzia Kiingereza cha kitabuni, mbali sana na baridi yetu ya Julai. Skwota hana kiti pale.

Basi hoja yangu kwa wenzangu tunaoanza kuandika ni hii, na ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kisiasa. Tuachane na mhusika anayebeba kabila zima mgongoni. Uchaguzi wa 1995 ulitangazwa asilimia 50.2 kwa 49.8, riwaya inayoshangiliwa na nusu ya baraza na kuifanya nusu nyingine ipime unga kimyakimya ina kasoro ya usawiri, hata kama kila tukio lililomo ni la kweli. Nataka riwaya ambayo mama aliyeng'olewa mihogo anakwenda kukopa chumvi kwenye kiduka cha Mmanga, na mtoto wake anacheza na mtoto wa Mmanga, na mwezi Juni unakuja. Anayejua kuiandika aiandike. Mimi nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili mmoja wao amegeuka malaika kabla ya ukurasa wa kumi, nikachana.

Aliyetupatanisha hakuwa mhakiki. Mke wa mwenye duka aliugua, na aliyetafuta bajaji usiku wa manane alikuwa yule kuli. Hawajaombana radhi, nijuavyo. Juzi tumeanza Haini. Kuli amekuja, amekaa mwisho wa benchi, karibu na ndoo ya maji.

"Humo mna mwenye duka?" mzee akauliza kabla hatujafungua.

Nikamwambia hamna.

"Na mama wa mihogo?"

"Naye hayumo, mzee."

Akasogeza taa ikakaa karibu na kitabu. "Haya, soma. Ila saa nne nafunga."