Pongezi kwa Wasaka Dawa Udongoni

Nawapongeza kwa moyo wote watafiti wanaotafuta dawa udongoni. Ni kazi ya subira. Udongo kidogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kisha husubiriwa siku kadhaa. Kinachotafutwa ni duara tupu kuzunguka kundi moja la bakteria, pale ambapo vijidudu wengine wameshindwa kuota. Huenda hapo pana dawa.

Mwaka 1943 Albert Schatz, mwanafunzi wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alifanya kazi hiyo katika maabara ya chini ya ardhi, akishughulika na vijidudu hai vya kifua kikuu. Akagundua streptomaisini, antibayotiki ya kwanza kuutibu ugonjwa huo. Tuzo ya Nobel ya 1952 kwa ugunduzi huo alipewa msimamizi wake, Selman Waksman, peke yake. Kwangu mimi, Schatz alidhulumiwa.

Kazi bado ni kubwa: bakteria wengi wa udongoni bado hawajaweza kukuzwa maabarani, na wanaotuletea maradhi wanazidi kuwa sugu kwa dawa. Ndugu msomaji, ili usichangie usugu huo, usinunue antibayotiki bila kuandikiwa na daktari.