Mzee Amefariki, Mbuzi Amekufa

Ukiusoma mtihani wa GRE, ule wa kuombea nafasi ya uzamili Marekani, kama unavyosoma hadithi, utaona una msimamo wake kuhusu lugha. Kuna swali lenye sentensi moja, pengo moja na maneno sita. Uchague mawili yanayoipa sentensi maana ileile.

Hapo ndipo tunakosana. Mzee anafariki, mbuzi anakufa. Sema mbuzi wa jirani ameaga dunia uone watu watakavyocheka. Hicho kicheko ndicho usomaji. Aliyesota na maskini wote hawana pesa, lakini aliyesota anangoja mwisho wa mwezi.

Tangu Septemba 2023, sehemu ya lugha ni maswali 27 kwa dakika 41. Ukijaza mapengo matatu ukose moja tu, hupati kitu. Ndiyo maana watu wanakariri orodha za maneno badala ya kusoma vitabu.

Si ati mtihani wote ni bure. Vifungu vyake vinakufunza kutenganisha alichosema mwandishi na ulichodhani amesema. Lakini idara ya fasihi ikichagua watu kwa alama hizi, itapata wepesi wa kuona maneno yanavyofanana. Kazi yenyewe inataka anayeona yanavyotofautiana.